Mwongozo kamili wa kuichambua namba 1,889,773, idadi ya watu wa Zanzibar

Sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima: 1,346,332 Unguja na 543,441 Pemba. Tangu hapo namba hii imo katika kila mpango wa skuli, wa maji na wa hospitali. Wengi tukiitaja tunasema "karibu milioni moja na laki tisa", na kwa mazungumzo ya barzani inatosha. Lakini ukishaikadiria hivyo, umefuta kila kilichomo ndani yake. Namba ikiachwa na tarakimu zake zote saba ina sura yake, ina ukoo wake, na ina mambo ambayo namba ya jirani yake haina.

Nimeiandika kazi hii kwa mwanafunzi wa Wete au Makunduchi anayependa hesabu, na kwa mwalimu anayetafuta mfano mmoja wa kutosha wiki nzima. Chukua daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo. Hatua za mwanzo zinahitaji hesabu za msingi tu. Za katikati zinahitaji subira, na hapo ndipo utamu ulipo.

Hatua ya 1: Hakikisha namba uliyoishika ni sahihi

Usichambue namba uliyoinakili vibaya. Namba yetu ni jumla ya mikoa mitano, kwa hiyo tunayo ya kuikagulia:

Kaskazini Unguja: 257,290
Kusini Unguja: 195,873
Mjini Magharibi: 893,169
Kaskazini Pemba: 272,091
Kusini Pemba: 271,350

Unaweza kujumlisha upya, lakini aliyekosea mara ya kwanza hukosea palepale mara ya pili. Tumia njia ya kutoa tisa. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki tarakimu moja, na 9 uihesabu kuwa 0. Ya kwanza: 2 + 5 + 7 + 2 + 9 + 0 = 25, kisha 2 + 5 = 7. Ya pili inatoa 33, yaani 6. Ya tatu 36, yaani 0. Ya nne 21, yaani 3. Ya tano 18, yaani 0. Jumlisha: 7 + 6 + 0 + 3 + 0 = 16, yaani 7. Sasa jumla kuu: 1 + 8 + 8 + 9 + 7 + 7 + 3 = 43, yaani 7. Zimekubaliana.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa. Mtu akiandika 1,898,773 badala ya 1,889,773, tarakimu ni zilezile, na kutoa tisa hakutaona kitu. Kosa la kupishanisha tarakimu mbili hutokea mara nyingi kwa anayenakili haraka, kwa hiyo ongeza kipimo cha 11. Anzia kulia, toa na kujumlisha kwa zamu: 3 − 7 + 7 − 9 + 8 − 8 + 1 = −5. Jibu likiwa hasi ongeza 11, unapata 6. Ile iliyopishanishwa inatoa 3 − 7 + 7 − 8 + 9 − 8 + 1 = −3, yaani 8, na hapo kosa limejitokeza. Mikoa mitano kwa mpangilio ule ule inatoa 0, 7, 2, 6 na 2. Jumla yake ni 17, ukitoa 11 inabaki 6. Sawa tena.

Vipimo hivi viwili vikikubali kwa pamoja, kosa la kawaida la kunakili halina pa kujificha. Karani anayejumlisha daftari za shehia anaweza kuvifanya pembeni mwa karatasi kabla ya kuipeleka mbele, na ningependa kila skuli ivifundishe kwa ajili hiyo tu.

Hatua ya 2: Vipimo vya haraka

Swali letu kubwa ni hili: namba gani zinaigawa 1,889,773 bila baki? Anza na za bei rahisi.

Inaishia na 3, basi ni witiri, na wala haigawanyiki kwa 5. Jumla ya tarakimu ni 43, ambayo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote tatu, kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu: 773 − 889 + 1 = −115. Sasa unapima 115 badala ya namba yenye tarakimu saba. Kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 5, kwa 13 inabaki 11. Hakuna hata moja.

Angalia jambo hapa. Namba ya Unguja inaishia na 32, basi inagawanyika kwa 4. Namba ya Pemba ina jumla ya tarakimu 21, basi inagawanyika kwa 3. Ukizijumlisha, sifa zote mbili zinapotea. Kigawo kinachogawa namba moja na kushindwa nyingine hakiwezi kamwe kugawa jumla yao.

Hatua ya 3: Weka mpaka wa kazi

Kabla ya kugawa ovyo, jiulize utaishia wapi. Namba ikiwa ni zao la mbili, moja kati ya hizo lazima isizidi kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Zote mbili zikizidi hapo, zao lao litaipita namba. Kwa hiyo tafuta mahali kipeuo kilipo: 1,374 × 1,374 = 1,887,876, na 1,375 × 1,375 = 1,890,625. Namba yetu iko katikati, basi hakuna haja ya kujaribu kitu chochote kinachozidi 1,374.

Wala huna haja ya kujaribu zote zilizo chini yake. Namba iliyoshindwa kugawanyika kwa 2 haiwezi kugawanyika kwa 4, 6 wala 8. Namba tasa peke yake, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zinatosha, na kufikia 1,374 zipo 220. Sita tumeshazimaliza.

Hatua ya 4: Kugawa kwa namba tasa, moja baada ya nyingine

Kwanza zipate hizo namba tasa. Andika namba mfululizo katika daftari, kata vigawe vyote vya 2, kisha vya 3, vya 5, vya 7 na kuendelea. Zisizokatwa ndizo tasa. Hili ni chekecheo la Eratosthenes, aliyefanya kazi Alexandria, Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na mpaka leo hakuna njia iliyo nyepesi zaidi kwa mtu mwenye kalamu. Chekecha mpaka 300 kwanza, ukihitaji zaidi utaongeza.

Sasa gawa. Andika kila baki, usiliache hata kama unaona halikusaidii. Haya ni baadhi ya mabaki utakayoyapata:

17 inaacha 2
19 inaacha 14
23 inaacha 1
29 inaacha 17
31 inaacha 13
37 inaacha 35
41 inaacha 1
43 inaacha 9

Endelea na 47, 53, 59, zote zinashindwa. Utafika 97 ukiwa hujapata kitu. 97 inaacha 19. Hapa ndipo wanafunzi wengi huweka kalamu chini na kutangaza kwamba namba ni tasa. Usifanye hivyo. Mpaka wetu ni 1,374, na bado hujafika hata moja ya kumi ya njia. 101 inaacha 63. 149 inaacha 6. 151 inaacha 8. 167 inaacha 1, ukasirike kidogo, uendelee. 199 inaacha 69. 227 inaacha 225, imekosa 2 tu. 229 inaacha 65. 233 inaacha 143.

Halafu jaribu 239, polepole, kwa mkono:

1889 ÷ 239 ni 7, kwa sababu 7 × 239 = 1673. Baki 216.
Teremsha 7: 2167 ÷ 239 ni 9, kwa sababu 9 × 239 = 2151. Baki 16.
Teremsha 7: 167 haitoshi, andika 0.
Teremsha 3: 1673. Na 1673 tumeshaiona hapo juu, ni 7 × 239 kamili. Baki 0.

Jibu ni 7,907. Basi:

1,889,773 = 239 × 7,907

239 ni namba tasa ya 52 katika orodha. Umeifikia kwa jaribio la hamsini na mbili kati ya mia mbili na ishirini yaliyowezekana.

Je, 7,907 nayo inavunjika? Usianze kugawa upya, jibu unalo tayari. Kama 7,907 ingekuwa na kigawo kidogo, kigawo hicho kingeigawa pia 1,889,773, na tungekikuta njiani. Hatukukuta chochote chini ya 239. Na 239 × 239 = 57,121, ambayo imeipita 7,907 kwa mbali. Basi 7,907 ni tasa. Tena ni namba tasa ya 999. Inayofuata, 7,919, ndiyo ya elfu moja.

Yale mabaki niliyokwambia uyaandike yana kazi yake. 23, 41 na 167 ziliacha 1 kila moja, maana yake zote tatu zinaigawa namba iliyo nyuma kwa moja. Na kweli:

1,889,772 = 2 × 2 × 3 × 23 × 41 × 167

37 na 227 zilikosa 2 tu, basi zinaigawa namba iliyo mbele kwa mbili:

1,889,775 = 3 × 3 × 5 × 5 × 37 × 227

Kwa hiyo wakati unaitafuta namba moja umezivunja na jirani zake bila kujua.

Hatua ya 5: Vigawo vyote na maana yake

Namba iliyo zao la namba tasa mbili tofauti ina vigawo vinne tu. Vya kwetu ni 1, 239, 7,907 na 1,889,773. Ukitaka kuwapanga watu wote wa Zanzibar katika mafungu yaliyo sawa, asibaki hata mmoja, una njia mbili za maana: mafungu 239 ya watu 7,907, au mafungu 7,907 ya watu 239. Kwa mikoa 5 wanabaki 3, kwa wilaya 11 wanabaki 6.

Hesabu ya vigawo ni rahisi ukishakuwa na namba tasa: ongeza 1 kwa kila kipeo, kisha zidisha. Kwa 1,889,772 kipeo cha 2 ni 2, na zile nne nyingine zina kipeo 1 kila moja: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Angepungua mtu mmoja katika sensa ile, namba ingekuwa na vigawo 48 badala ya 4. Wangezidi wawili, ingekuwa na 36. Ukubwa wa namba haukwambii chochote kuhusu wingi wa vigawo vyake, na ni vizuri mwanafunzi alione hili kwa namba anayoijua.

Vigawo vyake ukiacha namba yenyewe vinajumlisha 1 + 239 + 7,907 = 8,147. Hii ni ndogo mno kuliko namba yenyewe, kwa hiyo iko mbali sana na namba kamilifu kama 28, ambayo vigawo vyake 1, 2, 4, 7 na 14 vinarudisha 28 yenyewe.

Hatua ya 6: Zungusha tarakimu

Kama una muda wa hatua moja tu, ifanye hii.

Chukua 1,889,773. Itoe tarakimu ya kwanza, 1, uipeleke mwisho: 8,897,731. Gawa kwa 239. Inagawanyika kamili, jibu 37,229. Rudia: tarakimu ya mbele iende nyuma, kama watu saba waliokaa duara na wa mwanzo kila mara akahesabiwa wa mwisho.

1,889,773 = 239 × 7,907
8,897,731 = 239 × 37,229
8,977,318 = 239 × 37,562
9,773,188 = 239 × 40,892
7,731,889 = 239 × 32,351
7,318,897 = 239 × 30,623
3,188,977 = 239 × 13,343

Ukizungusha mara ya saba unarudi ulikoanza. Hakuna hata mzunguko mmoja unaoacha baki.

Sababu yake ni hii. 239 × 41,841 = 9,999,999. Zidisha mwenyewe uone: 240 × 41,841 ni 10,041,840, toa 41,841. Sasa, kupeleka tarakimu ya kwanza mwisho ni sawa na kuizidisha namba kwa 10 kisha kutoa 9,999,999 mara tarakimu hiyo. Kwetu sisi: 18,897,730 − 9,999,999 = 8,897,731. Namba ya kwanza ni kigawe cha 239, na 9,999,999 ni kigawe cha 239, basi tofauti yao haina budi kuwa kigawe cha 239. Katika mzunguko wa pili tarakimu ya mbele ni 8, unatoa 9,999,999 mara nane, na hoja inabaki ileile.

Jambo hili ni la kila kigawe cha 239 chenye tarakimu saba, lakini ni la 239 tu kati ya vigawo vyetu viwili. Jaribu 8,897,731 kwa 7,907 na utapata baki.

Kwa sababu hiyohiyo, ukigawa 1 kwa 239 desimali zinajirudia kila baada ya tarakimu saba: 0.0041841 0041841 0041841 na kuendelea.

239 ina sifa nyingine zinazojulikana kwa wanahisabati. John Machin aliitumia mwaka 1706 katika kanuni iliyomwezesha kupata tarakimu 100 za pai: chukua mara 16 ya pembe ambayo tanjenti yake ni 1/5, toa mara 4 ya pembe ambayo tanjenti yake ni 1/239, na pembe zipimwe kwa radiani. Tena, kati ya namba nzima zote, 23 na 239 ndizo peke yake zisizoweza kuandikwa kwa jumla ya namba za kujizidisha mara tatu bila kutumia tisa. Kwa 239 ni 125 + 27 + 27 + 27 + 8 + 8 + 8 + 8 + 1. Zihesabu, ni tisa, na hakuna njia ya nane.

Hatua ya 7: Miraba

Je, namba yetu ni jumla ya miraba miwili, kama 25 ilivyo 9 + 16? Kuna mtego hapa. Namba witiri inayoweza kuandikwa hivyo lazima iache baki 1 ikigawanywa kwa 4. Yetu inaacha 1, kwa kuwa 73 inaacha 1. Ukiishia hapo utapoteza siku nzima ukitafuta.

Kanuni kamili, aliyoieleza Fermat katika karne ya 17 na Euler akaja kuithibitisha katika karne ya 18, inataka uziangalie namba tasa zilizomo. Kila namba tasa inayoacha 3 kwa 4 lazima ijitokeze mara shufwa. Hapa 239 inaacha 3, na 7,907 inaacha 3, na kila moja imo mara moja tu. Zikizidishwa mabaki yake yanakuwa 9, yaani 1, na ndiyo maana zao linaonekana kama lina sifa isiyokuwa nayo. Kwa hiyo jibu ni hapana. Miraba mitatu inawezekana:

1,889,773 = 1,372² + 75² + 42²

yaani 1,882,384 + 5,625 + 1,764.

Linganisha sasa na sensa iliyopita. Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na watu 1,303,569. Tarakimu zake zinajumlisha 27, basi inagawanyika kwa 9, na ukiivunja mpaka mwisho unapata 3 × 3 × 241 × 601. Tazama 241. Ni namba tasa iliyopishana na 239 kwa mbili tu; hizo mbili ni namba tasa pacha. Sensa mbili zilizofuatana, pacha mmoja kaingia huku, mwenziwe kule. Na kwa kuwa 241 na 601 zote zinaacha 1 kwa 4, na 3 imo mara mbili, namba ya 2012 inakubali miraba miwili, tena kwa njia mbili:

1,303,569 = 1,020² + 513²
1,303,569 = 1,140² + 63²

Kwa tofauti ya miraba hali ni nyingine. Kila zao la witiri mbili linaandikika hivyo: chukua nusu ya jumla yao na nusu ya tofauti yao. (7,907 + 239) ÷ 2 = 4,073, na (7,907 − 239) ÷ 2 = 3,834. Basi 1,889,773 = 4,073² − 3,834². Fermat alifanya hii kuwa njia ya kutafuta vigawo: anzia 1,375, toa namba yetu kwenye mraba wake, uone kama kilichobaki ni mraba, kisha 1,376, na kuendelea. Kwa namba yetu ungepitia namba 2,698 kabla ya kufika 4,073. Njia hiyo ni ya haraka pale vigawo viwili vinapokaribiana, na vyetu vimeachana mno.

Hatua ya 8: Jumla za mfululizo

Hii ni fupi. Namba witiri inaweza kuandikwa kwa jumla ya namba zinazofuatana mara nyingi sawa na vigawo vyake ukitoa kimoja. Vyetu ni vinne, basi njia ni tatu:

944,886 + 944,887
kuanzia 7,788 mpaka 8,026, namba 239 ambazo ya katikati ni 7,907
kuanzia 3,715 mpaka 4,192, namba 478

Kwa ya tatu, jumlisha ya mwanzo na ya mwisho: 3,715 + 4,192 = 7,907. Zimo jozi 239 za namna hiyo.

Hatua ya 9: Igeuze kuwa kufuli

Simu haiioni namba hii kama tunavyoiona. Gawa kwa 2 mfululizo, andika mabaki, yasome kutoka la mwisho:

111001101010111101101

Nafasi 21, kati yake moja ni 14 na sifuri ni 7.

Zao la namba tasa mbili ndilo lililotumiwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 kutengeneza kufuli la siri, na namba yetu inatosha kuonyesha linavyofanya kazi. Toa 1 kwa kila namba tasa, zidisha: 238 × 7,906 = 1,881,628. Chagua ufunguo wa wazi, 3. Ufunguo wa siri ni namba ambayo ukiizidisha kwa 3 na kugawa kwa 1,881,628 inabaki 1. Hiyo ni 1,254,419.

Tuma ujumbe 1964. Uzidishe wenyewe mara tatu, na kila hatua utoe vigawe vya namba yetu. 1,964 × 1,964 = 3,857,296, ukitoa 1,889,773 mara mbili inabaki 77,750. Kisha 77,750 × 1,964 = 152,701,000, ukitoa 1,889,773 mara 80 inabaki 1,519,160. Hiyo ndiyo inayosafiri. Anayeipokea, kama ana programu ya Python kwenye simu, anaandika:

pow(1519160, 1254419, 1889773)

na anapata 1964. Asiyejua 239 na 7,907 hawezi kuupata ufunguo wa siri kirahisi. Sisi tumezipata kwa kalamu, kwa hiyo kufuli hili ni la darasani tu. Kufuli za kweli kwenye mtandao huwa na nafasi 2,048, yaani tarakimu 617, na hapo mpaka wa Hatua ya 3 unakuwa na tarakimu zaidi ya 300. Njia ni ileile uliyoifanya, ila hakuna umri wa kuimaliza.

Za kufanya mwenyewe

Anza na Unguja, 1,346,332. Ondoa 4 kwanza. Kipimo cha 1,001 kitakupa 332 − 346 + 1 = −13, na hapo umeshajua kigawo kinachofuata. Kisha Pemba, 543,441: ondoa 3, inabaki 181,147, mpaka wa kazi ni 425, na utafika kabla ya 80. Ukipata 2² × 13 × 17 × 1,523 kwa Unguja na 3 × 79 × 2,293 kwa Pemba, daftari lako liko sawa: vigawo 24 Unguja, 8 Pemba, na wakiwa pamoja 4.

Halafu ichukue mikoa mitano, mmoja mmoja. Mjini Magharibi inaanza kwa 9 × 99,241.